Paneli Kubwa na Paneli Ndogo

Mjomba alinipa mpaka mwezi wa saba. Alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya mabati pale Kitengela, kofia mkononi, akamsikiliza mdogo wetu wa mwisho akikohoa kitandani, kisha akasema polepole, "Mama, mimi sikulaumu. Lakini kifua cha huyu mtoto kinaisha. Nikirudi mwezi wa saba na bado ni hivi, nitaenda na yeye Entarara."

Aliniita mama tangu siku tuliyomzika dada yake. Hiyo ilikuwa njia yake ya kuniheshimu, na ndiyo iliyofanya maneno yake yaniume zaidi.

Tulikuwa wasichana watatu. Baba alitangulia, mama akafuata miezi michache baadaye, nami nikatoka shule nikiwa kidato cha pili. Wakati ninaouzungumzia, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, wa katikati alikuwa darasa la saba, na wa mwisho alikuwa na miaka sita. Mama alikuwa ameniomba jambo moja tu, kwamba tulale chini ya paa moja mpaka kila mmoja awe mtu mzima. Sikumjibu kwa maneno mengi. Nilisema sawa, na kwangu sawa ni sawa.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Huko Entarara alikuwa na shamba la vitunguu na maharagwe, maji ya mfereji, nyumba yenye madirisha makubwa. Mtoto angeshiba na angevuta hewa safi. Sikuwa na la kumpinga isipokuwa ule moshi.

Maana daktari wa zahanati alikwisha kuniambia kinachomuumiza mtoto: moshi. Jiko nililitoa nje wiki hiyo hiyo. Lakini koroboi ningeitoa wapi? Wa katikati alisoma kwa hiyo koroboi, mimi nilishona na kuosha mitungi kwa hiyo koroboi, na upepo wa uwanda ukianza kuvuma jioni tulifunga madirisha yote, tukabaki sisi watatu na ule utambi unaotoa moshi mweusi. Nguzo za stima tuliziona kwa mbali, zimejipanga kando ya barabara kuu ya kwenda Namanga. Kuivuta stima mpaka kwetu kulihitaji nguzo zetu wenyewe, na bei niliyotajiwa ilikuwa ya kuuza kiwanja ili nipate taa ya kumulika mahali palipokuwa kiwanja.

Kazi yangu ilikuwa kuchuuza maziwa. Alfajiri niliendesha baiskeli mpaka kwenye boma moja la Wamaasai, nikapimiwa maziwa na mama mmoja mwenye ulimi mkali na moyo mweupe, nikayarudisha mjini kwa wateja. Njiani kulikuwa na nyumba ya mwalimu, na juu ya bati lake kulikuwa na kioo cheusi kilichoelekea juu. Siku moja nikasimama kuuliza. Mwalimu aliniwashia taa saa nne asubuhi ili tu nione, nikaikodolea macho kama mtoto. Haina utambi. Haina harufu. Nilimuuliza maswali mpaka chai aliyonikaribisha ikapoa mkononi mwangu.

Mama alikuwa ametuachia ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo alikuwa na mtamba. Niliamua kumuuza mtamba.

Yule mama wa boma aliposikia, alisema atanisindikiza mpaka mnada wa Kajiado. "Nakerai, mwanangu, wewe unajua maziwa," aliniambia, "lakini mnadani watakula wewe na ng'ombe wako pamoja." Basi tukaenda. Alishindana na madalali nusu ya asubuhi, akawatukana babu zao kwa Kimaa, akawachekesha, na mtamba akauzwa kwa bei ambayo mimi peke yangu nisingethubutu kuitaja. Nilifunga pesa kwenye pindo la leso, na kutoka mnadani tukaenda moja kwa moja dukani.

Mwenye duka alikuwa Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka upande wa Garissa. Aliuza mablanketi, dawa za mifugo, redio na, kwenye rafu ya nyuma, sola. Alizileta mbili kaunta. Moja ilikuwa kubwa, karibu kama mlango wa kabati, rangi ya kahawia iliyoiva. Ya pili ilikuwa ndogo, haizidi ungo wa kupepetea mchele, rangi ya buluu yenye kumetameta.

"Mama maziwa, hii kubwa ni ya wananchi," alisema. "Hii ndogo ni ya wenye pesa."

Nilizigeuza. Nyuma ya zote mbili palikuwa pameandikwa kiasi kilekile cha nguvu. "Kama nguvu ni moja, kwa nini ndogo ni bei mara mbili?"

"Ndogo inakamata jua sawasawa. Kubwa inakamata ovyo ovyo, ndiyo maana inahitaji mwili mkubwa. Lakini mwisho wa siku, taa ni taa."

Mama wa boma aligonga kaunta kwa fimbo yake. "Sisi hatununui ng'ombe akiwa amelala. Toa nje tuone ikitembea."

Mwenye duka akacheka, akazitoa barazani. Palikuwa na fundi wake pale, kijana mwembamba aliyekuwa akitengeneza redio, naye akaleta kipimo chenye sindano. Aliziegemeza paneli zote mbili kwenye ukuta, zikitazama jua, na kufumba na kufumbua tukawa tumezungukwa. Wachuuzi wa mbuzi, wauza dawa, wazee wenye blanketi nyekundu, wote wakataka kuona mashindano. Mtu akauliza ni ipi ya nani. Mwingine akajibu, "Kubwa ni yangu, nimeiwekea mbuzi."

Fundi akaunganisha ndogo. Sindano ikapanda, ikasimama. Akaunganisha kubwa. Sindano ikapanda, ikafika pale pale, ikapita!

Umati ulilipuka. "Rudisha hiyo ndogo ndani, inaona aibu!" mtu alipiga kelele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeruka juu. Bei nusu na nguvu zaidi! Nilianza kufungua pindo la leso kwa meno.

"Hii kubwa imezaa lini?" Mama wa boma aliuliza.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. "Ninauliza swali. Ng'ombe akiwa amezaa juzi, hata mimi nitakuuzia kwa ndoo ya kwanza. Wewe mchuuzi wa maziwa, umesahau kazi yako? Nani ananunua ng'ombe kwa maziwa ya wiki ya kwanza?"

Nilisimama na pindo la leso mdomoni. Ni kweli, nilikuwa nimekwisha kudanganywa hivyo mara mbili katika kazi yangu, na hapa nilikuwa naelekea mara ya tatu mchana kweupe.

Fundi naye alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mwenye duka, akamtazama mama, akakuna kichwa. "Huyu mama amesema kitu," alisema. "Hizi kubwa zikiwa mpya zinatoa sana. Miezi ya kwanza zinashuka, halafu zinasimama hapo chini."

"Zinashuka mpaka wapi?" niliuliza.

"Wallahi mimi sikukuficha," mwenye duka alisema, mikono juu. "Hukuuliza. Iko moja juu ya paa langu, iko na mwaka mzima. Ishusheni."

Fundi alipanda, akaishusha. Mwenye duka aliipangusa vumbi kwa kikoi chake mwenyewe, mpaka ikang'aa sawasawa na ile mpya, ndugu yake kabisa kwa sura. Wakaunganisha. Sindano ikapanda kwa unyonge, ikasimama chini kabisa ya alama ya mpya. Yule aliyeweka mbuzi alisonya na kuondoka.

"Na ndogo?" nikasema. "Ndogo iliyozeeka iko wapi?"

Fundi alikumbuka moja aliyoifunga miaka mitatu nyuma kwenye kanisa dogo, hatua chache kutoka hapo. Tukaenda, na nusu ya mnada ikatufuata. Akapanda na kipimo chake, sisi tukabaki chini shingo zimenyooka kama twiga. "Ni ileile!" alipaza sauti kutoka juu. "Haijashuka!" Mama wa boma alinipiga begani hivi kwamba nikapepesuka.

Basi nikadhani kazi imeisha, kumbe ndiyo imeanza. Tuliporudi kaunta, mwenye duka alinipigia mahesabu kwenye karatasi ya sukari. Paneli si taa. Kuna betri, kuna kisanduku cha kuilinda betri, kuna waya, kuna balbu, kuna chuma cha kushikilia paneli, kuna fundi na safari yake mpaka Kitengela. Nikichukua kubwa, pesa ya mtamba ilitosha kila kitu, mpaka fundi. Nikichukua ndogo, pesa ilikata kabla ya kufika kwenye chuma na fundi.

Nilikaa juu ya gunia la chumvi ya mifugo nikafikiri. Kubwa ingefungwa leo na fundi anayejua, ingewaka vizuri, kisha ingeshuka. Na ingeshuka lini? Mwezi wa saba, Mjomba akiwa mezani, mawingu yakiwa yamefunika uwanda wote. Ningehitaji ya pili, na chuma cha pili, na fundi tena. Ndogo ingebaki ilivyo, lakini nani angeipandisha juu?

"Ukinifundisha mimi?" nilimuuliza fundi.

Aliitazama mikono yangu, ambayo ilikuwa na sugu za usukani wa baiskeli. "Umesoma mpaka wapi?"

"Form two."

"Fizikia?"

"Nilitoka kabla sijaielewa."

"Hata mimi," alisema, akavuta kiti.

Ile saa moja na nusu barazani naihesabu kuwa shule. Tulifunga na kufungua mfumo mzima chini pale, mara nne, mpaka niliufunga mwenyewe bila yeye kugusa. Alinionyesha nyekundu na nyeusi, na namna ya kuilaza paneli kwa mteremko kidogo kuelekea kaskazini ili jua liipate na mvua iioshe. Alisema kivuli cha tawi moja tu kinaweza kuinyamazisha paneli nzima. Kuhusu waya alinisisitizia sana: uwe mnene na uwe mfupi. "Waya mwembamba ni mtungi unaovuja," alisema. "Unakama ndoo, unafika nyumbani na kikombe." Aliujua udhaifu wangu, akauzungumza kwa maziwa.

Nilimuuliza nimlipe nini. "Ukiharibu," alisema, "usiseme nani alikufundisha."

Chuma nilikipata bila kununua. Nilikuwa na kitanda kikuukuu kilichokatika miguu, nikakipeleka kwa mchomeleaji wa Kitengela, akanikatia vipande viwili. Paneli ndogo haikuhitaji zaidi ya hapo. Kubwa ingemaliza kitanda kizima. Nikapanda juu ya mabati Jumapili baada ya kanisa, wa katikati akinipitishia spana, wa mwisho akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitoa amri.

Jirani yetu, mzee mmoja aliyekuwa na shamba la nyanya nyuma yetu, alisimama kwenye ua. "We msichana! Shuka! Mwanamke hapandi nyumba, utazaa watoto wa mabati!"

"Mzee, nishikie ngazi kwanza, halafu utatukana vizuri."

Alikuja akaishika, akiendelea kutukana. Nilibaini kwamba mgunga ulio upande wa magharibi ulitupa kivuli pale nilipopanga, kuanzia saa kumi. Nikahamisha kila kitu upande wa pili, nikaihamisha na betri ndani ili waya ubaki mfupi, na mzee wa nyanya akabaki pale na ngazi mpaka jua likashuka, kwa sababu alitaka kuona kama nitaumbuka.

Saa moja jioni nikabonyeza swichi.

Sijui nieleze vipi. Chumba kiliruka kikawa kikubwa. Tuliona rangi ya pazia letu, ambalo nilidhani ni kijivu, kumbe ni samawati. Wa mwisho alipiga yowe, akaanza kukimbia kuzunguka meza mpaka akaanguka. Wa katikati aliwasha, akazima, akawasha, nikamkaripia, nikaenda nikawasha na kuzima mimi mwenyewe. Mzee wa nyanya alisema, "Haya, sawa," akaenda zake, na baada ya dakika tano akarudi na mkewe.

Habari zilifika bomani kabla yangu. Mama wa boma alisema kitu kama hicho hakiwezi kukaa bila baraka, akaja siku ya pili na kibuyu cha maziwa na majani mabichi. Alitusimamisha uani, akaomba kwa Kimaa, akachovya majani, akaturashia maziwa usoni na kichwani. Kisha akapanda ngazi, na umri wake wote, akairashia paneli. Si kidogo. Aliipenda ile paneli kama yeye ndiye aliyeizaa. Tulisema "Nai" kila alipotaka tuitikie, na mimi nililia kwa furaha.

Siku ya tatu baada ya hapo taa ilianza kufifia mapema. Siku ya nne ikazimika saa mbili kasoro. Siku ya tano niliiwasha ikakonyeza, ikafa, na wa katikati akainama chini ya kitanda kutafuta koroboi. Ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Usiku ule mtoto alikohoa.

Nilikagua nyekundu na nyeusi. Nilikagua betri, nikakaza kila skrubu. Nilijiambia kwamba nimeharibu, kwamba pesa ya mtamba wa mama imeteketea kwa kiburi cha kutotaka fundi. Asubuhi nikapanda juu, na kabla sijafika nikasikia nzi. Maziwa yalikuwa yamekaukia juu ya kioo, vumbi la malori ya barabara kuu likashika juu ya maziwa, na umande wa usiku ukakanda vyote pamoja. Paneli yangu ilikuwa imepigwa plasta!

Nilicheka peke yangu juu ya mabati. Nikashuka nikachota maji ya uvuguvugu, nikaosha kwa kitambaa kile ninachooshea mitungi, na jioni taa ikarudi nyeupe kama siku ya kwanza. Nilimweleza mama wa boma kwa uoga, maana sikutaka aone nimeosha baraka zake. Aliangua kicheko. "Baraka iliingia siku ileile. Hayo mengine ni maziwa, na maziwa yakimwagika yanaoshwa, huyajui wewe?" Kisha akataka kujua kama yaliyobaki kwenye kingo za chuma nimeyaosha pia, kwa sababu hayo yangeleta siafu.

Mjomba alikuja wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, na mfuko mtupu wa nguo chini ya kwapa. Niliuona mfuko kabla sijamsalimia. Jua halikuwa limeonekana siku tatu. Wingu lilikuwa limelala juu ya uwanda kama blanketi, na mimi kila saa nilitoka kulitazama. Saa moja nikabonyeza swichi, na taa ikawaka, na sikuweza kuketi.

Mjomba alikula bila kuizungumzia. Wa katikati alifanya hesabu zake. Wa mwisho alimletea kitabu akamsomea ukurasa mzima, akarudia mistari aliyoipenda, naye Mjomba alikuwa akiitikia "ehe" huku macho yakipanda kwenye balbu na kushuka. Kila dakika nilitegemea ikonyeze. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Saa tatu nikaizima mwenyewe, na ingali inawaka vizuri, nikasema kwamba kesho ni kazi.

Asubuhi Mjomba alimwita mtoto, akatoa leso nyeupe ya mfukoni, akampangusa ndani ya pua, akaenda nayo dirishani. Akaigeuza upande huu na upande ule.

"Hakuna masizi," alisema. Halafu akanigeukia. "Amekohoa mara mbili tu. Mwezi wa pili nilipolala hapa nilijaribu kuhesabu, usingizi ukanichukua sijamaliza."

"Kwa hivyo, Mjomba?"

"Kwa hivyo nini? Mtoto ana kwao." Akaukunja ule mfuko mara nne, akautia mfukoni mwa koti.

Nilimwekea sukari kwenye chai mara mbili, akainywa hivyo hivyo. Nikamsindikiza mpaka stendi nikimsimulia yale ya mnadani, mtoto akitangulia mbele akiruka mashimo, na tulipokuwa tunangoja gari Mjomba alikohoa kidogo, akatazama pembeni, akauliza, "Ile kitu. Mtu akitaka, anunue ile kubwa au ile ndogo?"

"Nyumba yako ina vyumba vingapi, Mjomba?"

"Vinne."

"Na miti? Iko upande gani?"

Nikaokota kijiti, nikachuchumaa, nikaanza kumchorea nyumba yake kwenye mchanga wa stendi, jua linapotoka, bati linapoelekea, betri ikae wapi ili waya uwe mfupi. Alichuchumaa nami, kofia magotini. Gari lake likaja, kondakta akaita Loitokitok, Loitokitok, akapiga ubavu wa gari mara mbili. Mjomba hakuinua kichwa.

"Hapa kuna mparachichi," alisema, akaniwekea kijiwe. "Tuanze tena."